Maharage si Chakula cha Adhabu

Nchi yetu imekuwa huru kwa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo iko kasumba moja ambayo haijatutoka, nayo imejificha mahali ambapo wengi hatupatazami: katika sahani ya chakula. Kasumba hiyo husema kwamba dona, maharage, kunde, mlenda na kisamvu ni vyakula vya mtu asiye na mshahara. Na kwamba mtu akishapata cheo, hapana budi sahani yake itangaze cheo hicho kwa sembe nyeupe, chipsi, soseji na nyama ya kila siku.

Ushahidi hauhitaji kutafutwa mbali. Mgeni akifika bila taarifa nyumbani kwa mtumishi wa serikali na kukuta maharage mezani, mwenye nyumba huomba radhi, kana kwamba amefumaniwa katika jambo la aibu. Semina ya siku tatu ikiandaliwa, kamati hupima heshima ya washiriki kwa idadi ya aina za nyama, na mchicha huwekwa mwisho wa meza, umechemshwa hadi umepoteza rangi. Chai ya saa nne maofisini ni supu ya ng'ombe na chapati, au maandazi na soseji. Jioni ni mishkaki. Kisha, baada ya miaka 15 ya utumishi, watu wale wale hukutana tena katika foleni ya kupima shinikizo la damu.

Makala haya yanakusudia kusema jambo moja tu. Sisi tunaoishi kwa mshahara, hasa watumishi wa serikali na walimu, tunapaswa kurudi hatua kwa hatua kwenye mlo ambao sehemu yake kubwa hutoka katika mimea: nafaka isiyokobolewa, jamii ya kunde, mboga za majani, mizizi na matunda, na nyama irudi mahali pake pa zamani, yaani kitoweo cha mara moja moja. Tufanye hivyo kwa ajili ya afya zetu, lakini vile vile kwa sababu jamii hutuiga. Kile ambacho mwalimu anakionea aya, mwanafunzi wake hujifunza kukionea haya, hata kama ubaoni ameandikiwa kinyume chake.

Chanzo cha dharau

Ni vizuri tuwe wakweli kuhusu asili ya dharau hii. Wengi waliosoma katika shule za bweni walilishwa ugali na maharage kwa miaka minne au sita mfululizo. Maharage yenyewe mara nyingi yalikuwa yametobolewa na wadudu, yamepikwa bila kitunguu, bila nyanya, na bila mafuta ya kutosha, yakaogelea katika maji ya kahawia. Kijana aliyemaliza shule aliapa kwamba siku atakapopokea mshahara wake wa kwanza, hatayaona tena. Kiapo hicho kinaeleweka. Lakini tujiulize: kosa lilikuwa la maharage au la mpishi? Nyama yenyewe ikichemshwa kwa chumvi tupu kila siku kwa miaka sita, ni nani asingeikinai?

Nenda pwani ukaone mbaazi zilizopikwa kwa tui la nazi zinavyoliwa asubuhi kwa mahamri au chapati. Nenda Upareni ukale makande yaliyoiva vizuri. Nenda Kilimanjaro ukaonje kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja. Watu hao hawajiadhibu. Wanakula chakula ambacho wazee wao walikipima kwa vizazi vingi. Kilichotokea ni kwamba sisi tuliopita shuleni tulikikuta chakula hicho katika hali yake mbaya kuliko zote, tukadhani hiyo ndiyo sura yake.

Waliyoyaona madaktari

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya kutukuza mambo ya kale. Basi tuwasikilize watu waliopima. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30 tangu mwaka 1929. Katika muda huo wote aliona wagonjwa Waafrika kwa maelfu, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo uliokuwa ukiua watu wengi Ulaya ulikuwa haba mno miongoni mwao, hata mwaka 1956 yeye na mwenzake wakaandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki taarifa ya mgonjwa mmoja, kama jambo geni. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi katika hospitali ya Mulago, aliona hali kama hiyo katika magonjwa ya utumbo. Watu wa vijijini, waliokula ndizi, viazi, maharage, mtama na ulezi, hawakuugua magonjwa hayo kwa kiasi walivyougua watu wa Ulaya. Mwaka 1975 madaktari hao wawili walihariri kitabu kilichoieleza dunia umuhimu wa nyuzinyuzi za mimea, ambazo wataalamu wetu huziita makapimlo. Kwa maneno mengine, Ulaya ilijifunza faida ya makapi kutoka katika sahani za wakulima wa Afrika Mashariki, wakati ule ule sisi tulipokuwa tunajifunza kuyatupa.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka Moshi. Mwezi Aprili 2025, watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanaume 77 wenye afya wa Kaskazini mwa Tanzania. Wanaume 23 waliozoea chakula cha kijijini walipewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa Kimagharibi, kama vile soseji, mkate mweupe na chipsi. Wengine 22 waliozoea chakula cha mjini walipewa kwa muda huo huo chakula cha asili: mboga, kunde, ndizi na nafaka nzima. Wale wa kwanza waliongezeka uzito, na damu yao ikaonyesha dalili za kinga ya mwili iliyoamshwa pasipo adui, hali ambayo ikidumu huandaa njia ya kisukari na magonjwa ya moyo. Wale wa pili damu yao ilionyesha mwelekeo wa kinyume, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.

Watu 77 si taifa zima, wanawake hawakuwamo, na wiki mbili si maisha. Lakini somo lake ni zito. Mwili haukusubiri miaka 20 kutoa hukumu yake. Uliitoa katika muda mfupi kuliko mwezi mmoja wa mshahara.

Tukitazama hali ya nchi nzima, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba asilimia 26 walikuwa na shinikizo kubwa la damu, asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba watu 97 kati ya 100 hawakula mboga na matunda kwa kiwango kinachoshauriwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, pamoja na gramu 25 za nyuzinyuzi. Katika nchi ambamo mchicha huota hata kando ya mfereji, na embe huozea chini ya mti, takwimu hiyo ya 97 ni ya kutufedhehesha.

Kuhusu nyama, tusitie chumvi. Nyama si sumu. Hata hivyo mwezi Oktoba 2015 chombo cha Shirika la Afya Duniani kinachochunguza saratani kilitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, kama soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba nyama nyekundu huenda ikaisababisha vile vile. Kilieleza kuwa kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 18. Ni kiasi cha soseji moja. Mtu anayeila mara moja katika sherehe hana sababu ya kutetemeka. Lakini anayeifanya kifungua kinywa cha kila siku, tena akimpa mtoto wake kama tuzo, anapaswa kufikiri.

Tusichanganye walioshiba na wenye njaa

Hapa pana hatari moja ambayo lazima tujihadhari nayo. Ushauri wa kupunguza nyama unawahusu wanaoila kupita kiasi. Wako wananchi wengi ambao nyama huiona siku ya sikukuu tu, na wako watoto ambao hawapati hata yai moja kwa wiki. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Mtoto wa namna hiyo, na mama mjamzito, wanahitaji yai, maziwa, dagaa na kipande cha nyama au ini. Itakuwa ni upotovu mkubwa kama mkubwa wa ofisi atasoma makala haya, akaendelea kula mishkaki yake huko nje, kisha akarudi nyumbani kuamuru mkewe na watoto wale mchicha mtupu kwa jina la afya. Mageuzi yaanzie katika sahani ya baba.

Wala hatusemi kwamba mfugaji aache mifugo yake. Maziwa yana nafasi yake katika mlo tunaoueleza, na nyama haikufukuzwa. Tunachokataa ni kuifanya kipimo cha utu.

Somo la mbaazi

Liko jambo jingine, nalo ni la uchumi. Wakulima wa Mtwara, Lindi na Manyara hulima mbaazi kwa wingi, na kwa miaka mingi soko lao kubwa limekuwa India. Mwezi Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini humo ili kuwalinda wakulima wake, jambo ambalo ni haki yake. Bei huku kwetu ikaanguka vibaya, na wakulima wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Tulikuwa na chakula chenye protini nyingi, kilicholimwa na mikono yetu katika ardhi yetu, lakini hatukuwa na mazoea ya kukila. Mwaka ule, ni kantini ngapi za ofisi zilizopika mbaazi? Ni shule ngapi zilizobadili maharage kwa mbaazi hata siku moja ya wiki? Taifa lisilokula linachokilima hukabidhi bei ya jasho la wakulima wake kwa sahani za watu wengine. Kujitegemea, pamoja na maana zake nyingine, ni pamoja na kuwa na hamu ya chakula chetu wenyewe.

Hatua kwa hatua

Namna ya kuanza si ngumu, ila haitaki pupa. Anayeamka Jumatatu akaapa kuacha nyama kabisa, mara nyingi huonekana Ijumaa kwenye jiko la nyama choma. Ni bora kuendelea polepole.

Katika mwezi wa kwanza, familia ichague siku mbili za wiki ambazo kitoweo kitakuwa maharage, choroko, kunde au mbaazi, na vipikwe kwa heshima ile ile inayopewa nyama: kitunguu, nyanya, karoti, bizari au tui la nazi. Katika mwezi wa pili, siku za nyama zibaki, lakini kilo moja iliyokuwa ikiliwa siku moja igawanywe kwa siku mbili au tatu, nyama iwe kiungo ndani ya mboga badala ya mboga kuwa pambo la nyama. Katika mwezi wa tatu, sembe ianze kupishana na dona, na chai ya saa nne ipate mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi au karanga badala ya maandazi. Baada ya nusu mwaka, mtu huyo atakuwa anakula nyama mara moja au mbili kwa wiki, wala hatakumbuka ni siku gani alipoanza kubadilika.

Wenye mashaka wanastahili kujibiwa. Wapo wanaosema maharage hayana nguvu. Gramu 100 za maharage makavu zina protini zaidi ya gramu 20. Ni kweli kwamba yakipikwa hunywa maji na kila kijiko hupungukiwa, kwa hiyo sharti yaliwe kwa kiasi cha kutosha. Na yakiliwa pamoja na mahindi, kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake, kwa sababu maharage yana kwa wingi kijenzi cha protini kiitwacho laisini ambacho mahindi yanacho kidogo. Mpare aliyebuni makande hakuwa na maabara, lakini hakukosea.

Wapo wanaolalamikia tumbo kujaa, na wapo wanaolalamikia gharama ya mkaa. Dawa ya yote mawili ni moja: maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yapikwe kwa maji mapya. Huiva mapema, na tumbo nalo huzoea kama ongezeko lake ni la polepole.

Wapo wanaoogopa upungufu wa damu. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana madini ya chuma yaliyomo katika mimea hayafyonzwi na mwili kwa urahisi kama yale ya nyama. Basi mboga iliwe pamoja na limau, chungwa au papai, na chai isinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini hayo. Aidha, vitamini B12 haipatikani katika mimea. Dagaa, mayai na maziwa huitosheleza familia isiyopenda nyama. Na anayerudi kwenye dona na karanga ahakikishe nafaka yake ilikaushwa na kuhifadhiwa vizuri, maana sumukuvu huua, kama tulivyoona Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Zikiondolewa hoja hizo, hubaki visingizio. Wahenga walisema kwamba mbaazi ikikosa maua husingizia jua.

Wajibu wa ofisi na shule

Nchi hii haianzi leo kufikiri juu ya chakula. Mwaka 1973 iliundwa kwa sheria taasisi yetu ya chakula na lishe. Mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakutanisha watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walichimba vyoo na kulima bustani kwa sababu walikaa pamoja, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakakubaliana. Hawakutishwa wala hawakudharauliwa. Njia hiyo haijazeeka.

Kwa hiyo wakuu wa idara wanaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji fungu jipya la fedha: kuagiza kwamba katika kila semina na kila mkutano pawepo chakula cha kunde kilichopikwa vizuri, mboga za majani zisizochemshwa hadi kufa, na tunda la msimu. Wakuu wa shule wanaweza kukaa na wazazi wanaochangia chakula cha wanafunzi, wakatenga sehemu ya mchango kwa ajili ya vitunguu, nyanya na mafuta, ili mtoto asijifunze kuchukia maharage kwa maisha yake yote. Bustani ya shule isiwe mahali pa kumtuma mtoro akapalilie. Mtoto akishaadhibiwa kwa jembe na kulishwa maharage mabaya, tumemfundisha kwa siku moja kudharau kilimo na kudharau chakula chake.

Na mwalimu mwenyewe, mchana ukifika, na akae na wanafunzi wake ale kile wanachokila. Kama hakiliki, atakuwa wa kwanza kujua, na sauti yake ina uzito kuliko ya mtoto mbele ya kamati ya shule. Kama kinalika, watoto watakuwa wamejifunza somo ambalo halimo katika kitabu cho chote: kwamba chakula cha wazazi wao kinamfaa hata mtu aliyesoma.